Somo: Printa ya risiti inaruka mistari? Unganisha waya wa DTR

Wakuu, hili ni la wanaounganisha printa ya risiti ya RS-232 (njia ya kutuma data biti moja moja kwa waya) na bodi ya Arduino Uno. Risiti fupi inatoka safi, ndefu inakuja na mistari pungufu katikati. Wengi hukimbilia kubadilisha kasi, lakini kasi ikikosewa unapata herufi za ajabu, si mistari kupotea. Kinachokosekana ni hendisheki: printa haina njia ya kuiambia Arduino "subiri kwanza". Waya wa DTR ndio printa huutumia kusema kama iko tayari au la.

Piga hesabu. Kwa kasi ya 9600 (biti kwa sekunde), kila baiti hutumia biti 10 (ya kuanzia, 8 za data, ya kumalizia), hivyo zinapita baiti 960 kwa sekunde. Karatasi ya milimita 58 hubeba herufi 32 kwa mstari, na baiti moja ya kumaliza mstari inakuwa 33, yaani mistari kama 29 kila sekunde. Kila mstari ukila milimita 4, karatasi itembee zaidi ya milimita 110 kwa sekunde! Printa nyingi ndogo haziwezi. Bafa (kumbukumbu ndogo ya printa inayohifadhi data inayosubiri) inajaa, kinachofuata kinamwagika.

Hatua ya 1: Zima printa, shikilia kitufe cha FEED, washa. Nyingi hujichapia mipangilio yake: kasi, pariti (biti ya kukagua makosa) na aina ya hendisheki. Weka Arduino vilevile.

Hatua ya 2: Tafuta pini kwa multimita, usiamini michoro ya mtandaoni. Waya mweusi kwenye graundi. Pini ya kutuma data ikiwa imetulia husoma volti hasi. DTR husoma chanya printa ikiwa tayari. Sasa fungua mfuniko wa karatasi: kwa printa nyingi inageuka kuwa hasi hapohapo. Umeipata.

Hatua ya 3: Weka MAX232 (chipu ya kubadilisha volti za RS-232 ziendane na za Arduino) katikati, na kapasita zake 4 za mikrofaradi 1. Chipu hii ina njia mbili za kutuma na mbili za kupokea. Ya kutuma moja peleka data kwenye printa, ya kupokea moja lete DTR hadi pini 4 ya Arduino. Graundi ziungane.

Hatua ya 4: Kabla ya kutuma kila baiti, weka:

while (digitalRead(4) == HIGH);

Hapa ndipo watu hukwama. MAX232 inageuza ishara, kwa hiyo LOW ndiyo "tayari" na HIGH ni "nina kazi".

MASWALI

Mkuu, kwa nini nisiweke delay (kusubiri muda maalumu) tu kila baada ya mstari?
Kwa maandishi matupu itakubali. Ukiweka nembo au karatasi ikiisha katikati ya risiti, delay haijui lolote, wakati DTR itasimamisha kila kitu.

Naweza kuruka MAX232? Sina karibu.
Usijaribu. RS-232 inaweza kufika volti 15, chanya na hasi. Pini ya Uno inataka 0 hadi 5.

Yangu ina waya tatu tu, haina DTR.
Angalia kwenye mipangilio kama inakubali XON/XOFF, yaani hendisheki ya kutumia baiti badala ya waya wa DTR. Printa hutuma baiti 19 kusema simama na 17 kusema endelea, hivyo waya wake wa kutuma lazima uingie kwenye Arduino, kupitia MAX232. Kama haikubali, rudi kwenye delay, na ufanye risiti fupi.