Kukagua injini ya EJ20 turbo kabla hujalipia Subaru Forester

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, muage kwa heshima na urudi kesho yake asubuhi na mapema. Injini hii husema ukweli wake dakika ya kwanza inapoamshwa baada ya kulala usiku kucha, na muuzaji anayeijua kasoro ya gari lake analijua hilo vizuri.

Gereji yangu iko Changamwe, Mombasa, na Subaru ndizo zinazonipa riziki. Ninaloulizwa sana ni hili: "Fundi, Forester ya turbo ninunue au niache?" Jibu langu hutegemea jambo moja tu, mwenye gari aliitunzaje oili. Watu huiogopa turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Mimi naiogopa oili iliyopungua. Turbo nyingi nilizozifungua zikiwa zimekufa zilikuwa nzima kabisa mpaka siku ziliponyimwa oili.

Tujue kwanza tunazungumzia injini ipi. Ni EJ205, yaani EJ20 yenye turbo, iliyofungwa kwenye Forester SG5 (kizazi cha pili) zilizouzwa Japani kuanzia 2002 na kwenye SH5 (kizazi cha tatu) iliyokuja mwishoni mwa 2007. Ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 1994. Kipenyo cha silinda ni milimita 92 na pistoni husafiri milimita 75 tu, kwa hiyo ni injini pana yenye mwendo mfupi, inayopenda resi, yaani kuzunguka kwa kasi. SG5 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 220, SH5 na 230. Turbo imekaa nyuma upande wa kulia, na intakula, yaani kipoza hewa ya turbo, iko juu ya injini, chini ya lile pua la boneti. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo SG5 na SH5 unazoziona zikiuzwa leo zimeshapita mikono kadhaa humu humu nchini. Kilomita za dashibodi zisikutie wasiwasi wala matumaini. Huenda zimerudishwa nyuma. Tazama chuma chenyewe.

Kwa nini oili? Kwa sababu silinda zimetazamana, krenkshafti ni fupi, na beringi za konrodi, fimbo zinazounganisha pistoni na krenkshafti, ni nyembamba. Hizo beringi hazigusani na chuma cha krenkshafti maadamu kuna utando wa oili kati yake. Sampu yote, lile bakuli la oili chini ya injini, inachukua kama lita nne. Ikipungua lita moja na nusu, kisha dereva apinde kona kwa kasi au ashike breki ya ghafla, oili hukimbilia pembeni na pampu ikavuta hewa. Sekunde chache zinatosha kuikwangua beringi. Oili hiyo hiyo ndiyo inayozungusha turbo, na ndiyo inayoendesha AVCS, mtambo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalijui: kwenye nyingi za injini hizi, bolti yenye tundu inayopitisha oili kwenda kwenye turbo ina chujio dogo la wavu ndani yake. Oili ikikaa muda mrefu mno bila kubadilishwa hugeuka tope, tope huziba ule wavu, na turbo hukauka taratibu huku taa ya oili kwenye dashibodi ikiwa imezima kimya. Mwenye gari ananunua turbo nyingine, fundi anaifunga kwa bolti ile ile, na hiyo nayo inakufa.

Basi sasa anza kazi. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Cha Subaru kina tabia ya kudanganya mara ya kwanza, kwa hiyo soma mara ya pili na utazame pande zote mbili. Oili iliyo chini ya alama ya chini ni sababu ya kutosha ya kuondoka, hata muuzaji akikuapia kwamba ilikuwa imejaa juzi. Oili mpya inayong'aa kabisa nayo isikufurahishe haraka. Fungua kifuniko cha kujazia, umulike ndani kwa tochi ya simu. Chuma chenye rangi ya asali ni cha injini iliyotunzwa. Cheusi chenye ukoko mzito kama lami kinakuambia kwamba oili ya leo imewekwa kwa ajili yako wewe mnunuzi.

Inama utazame chini pande zote mbili. Gasketi za vifuniko vya valvu huvuja karibu kwenye kila EJ yenye umri huu, oili ikadondokea ekzosi na kutoa harufu ya kuungua ukisimama kwenye taa za barabarani. Hilo lisikutishe, ni la kutengenezeka. Litumie kupunguza bei.

Sasa liwashwe, wewe ukiwa umesimama mbele, boneti wazi, na mtu mwingine kwenye usukani. Sikiliza. Kuna mlio mkavu wa kugonga unaosikika injini ikiwa baridi na kufifia inapopata joto: hiyo ni sketi ya pistoni, na injini nyingi za Subaru huishi nao miaka. Mlio wa kuukimbia ni ule unaofanya kinyume chake. Unakuja au unazidi injini ikishapata joto, ni mzito, unatoka chini, na unasikika zaidi resi ikipandishwa hadi kama mizunguko 2,500 kwa dakika kisha ikaachiwa. Hiyo ni konrodi, injini imeanza kunoki, yaani beringi imeliwa na chuma kinagonga chuma, na hakuna oili nzito wala dawa ya chupa itakayoiponya. Wapo wanaojaza oili nzito sana ili mlio unyamaze siku ya mauzo. Ndiyo maana nasisitiza uliendeshe mpaka lipate joto kamili.

Moshi wa buluu unaotoka kidogo wakati wa kuwasha na kukata mara moja unaweza kuwa sili za valvu au turbo iliyoanza kuchoka. Moshi wa buluu ukiachia mafuta na kukanyaga tena ukishuka mlima, hapo gari linakula oili, na ukishalinunua utaishi na lita ya akiba kwenye buti.

Kwenye maji nitakaa kidogo, maana huku Pwani ndiko tunakoharibu. Kabla injini haijapata joto, fungua kifuniko cha rejeta. Ukikuta maji ya kutu badala ya kulanti, maji maalumu ya rejeta, uliza kwa nini. Maji ya visima vya Mombasa yana chumvi, na alumini ya EJ haivumilii chumvi. Tazama tangi dogo la akiba injini ikiwa imepata joto la kawaida: mapovu yanayotoka bila kukoma yanaonyesha gesi ya silinda inapita kwenye gasketi ya hedi. Sifa mbaya ya gasketi za hedi imetoka hasa kwenye EJ25 zisizo na turbo, lakini EJ20 turbo iliyowahi kuchemsha haina kinga. Uliza pia kama themostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, ipo. Mafundi wengi huitoa wakiamini nchi ya joto haiihitaji. Kwenye injini hii themostati imewekwa upande wa chini, mahali maji yanaporudi kuingia kwenye pampu, na ndiyo inayosawazisha maji ya moto na ya baridi. Ukiitoa, injini haipati joto lake sawasawa, kompyuta inamwaga petroli nyingi, na petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda. Tumerudi pale pale.

Liendeshe nusu saa. Mimi hupenda kupandisha Mazeras nyuma ya malori, kwa sababu mlima ule huifanya turbo ifanye kazi kweli. Nguvu inapaswa kuja kwa mkupuo mmoja laini. Ikija kwa kukatika-katika, huenda ni plagi au koili. Likiwa zito lenye sauti ya upepo, mpira wa intakula umelegea au umepasuka, na hiyo ni kazi ndogo. Ukishuka, acha injini ingurume mahali pake dakika chache huku ukiitazama taa ya oili. Ikimeta hata mara moja injini ikiwa ya moto, shukuru na uondoke.

Mwambie fundi wako aje na mashine ya kusoma kodi za hitilafu na geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo ndani ya silinda. Kodi P0011 au P0021 ni za AVCS, na mara nyingi chanzo chake ni oili chafu. Kompresheni ya silinda nne zote iwe karibu sawa. Ikiwa silinda ya 4 iko chini peke yake, usilichukulie kirahisi, maana ndiyo inayopata joto kali kuliko nyingine.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana. Gereji za Japani huacha kibandiko ndani ya boneti chenye tarehe na kilomita za siku ulipobadilishwa; kama hakipo wala hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, na ubadilishe mkanda, tenshona, puli zake na pampu ya maji kwa pamoja.

Gari lililotiwa ekzosi pana na valvu ya kupiga mlio hewani, bila kompyuta kurekebishwa, mimi siligusi. Injini hii hupima hewa inayoingia. Ukiimwaga nje hewa iliyokwisha kupimwa, petroli inazidi. Forester S-Edition yenye EJ25 turbo ya nguvu 263 ni tamu kweli kuendesha, ila pistoni zake hupasuka kwenye kingo za ringi upesi zaidi, kwa hiyo kwake kipimo cha kompresheni ni lazima.

Ukishalinunua: oili ya sintetiki kamili, 5W-30 au 5W-40, kila kilomita 5,000 pamoja na filta, na kijiti kila Jumapili. Safisha au badilisha ile bolti ya wavu ya turbo mara moja, mwezi wa kwanza. Tumia petroli yenye okteni ya juu kila inapopatikana, kwani Japani injini hii iliundwa kwa ajili ya premiamu.

Na ikiwa umeshanunua iliyonoki, ukaenda kutafuta injini iliyotumika kutoka Japani, sikiliza hili vizuri. Kabla haijafungwa, sampu ishushwe na beringi zitazamwe. Turbo ya injini ya zamani isihamishiwe kwenye mpya bila kufunguliwa, na kipoza oili kilicho nyuma ya filta kitupwe, kinunuliwe kingine. Beringi inapokwanguka, vumbi la chuma husambaa kila oili inapopita, na ndani ya kipoza oili halioshwi likaisha. Injini nzuri hufungiwa kipoza cha zamani, ikaanza kunywa vumbi lile siku ile ile inapowashwa, na mteja akarudi kwangu analalamika kwamba injini za Japani siku hizi ni feki.