Masta anza kuiwinda ukiwa mwaka wa pili

Wadogo zangu mnaosoma kwa bumu (hela ya mkopo wa serikali) na nyumbani hakuna wa kukushika mkono, msisubiri mahafali. Mfuate lekchara mmoja mwenye risechi, omba hata kuingiza data bure, maana ukiomba masta, barua ya mapendekezo ya mtu anayeijua kazi yako inabeba kuliko ya profesa mkubwa anayekujua kwa namba ya usajili tu. Halafu ada za maombi za vyuo vya Marekani zisikutishe, tuma imeili admisheni uliza kama wanasamehe, vingi vinasamehe, mi niliona aibu kuuliza nikapoteza mwaka mzima. IELTS nayo, ule mtihani wa Kiingereza, vyuo vingine vinakubali barua ya chuo chako kwamba umesoma kwa Kiingereza, uliza kabla hujalipa.