SOMO: Jaribio la mchicha na rangi, maji yanavyopanda kwenye mmea

Kila muhula naulizwa lilelile, "mwalimu mbona rangi haipandi", kwa hiyo naandika mara moja hapa na atakayeuliza tena namtumia hii.

Tafuta mchicha ulionyooka wenye majani yake, umeng'olewa asubuhi hiyohiyo sio uliolala gengeni, rangi nyekundu ya chakula, glasi, wembe mpya na beseni.

1. Maji robo glasi, tia rangi mpaka iwe nzito kabisa.

2. Osha mchicha utoe udongo.

3. KUKATA. Hapa nilishawahi kuharibu, nilikata shina nikaliacha mezani nikaenda kuita darasa, watoto wakakodolea macho lisaa lizima rangi haijasogea. Ni hivi, majani yanapoteza maji kwa juu na yanayotoka yanavuta ya chini, yote yameshikana kama uzi ndani ya vimrija vya zailemu, yaani njia za maji za mmea. Ukikata hewani uzi unarudi ndani na hewa inaingia, mrija wenye povu ndo umeziba hivyo. Kwa hiyo zamisha shina kwenye beseni, kata mshazari humohumo majini juu kidogo ya mizizi, hamishia kwenye rangi haraka likiwa bado linachuruzika. Mizizi usiiache maana inachuja rangi. Mkasi butu hapana, unaminya mirija. Na wembe ushike wewe, mtoto asiguse.

4. Weka dirishani penye mwanga na upepo.

5. Baada ya saa moja au mbili kata shina vipande, utaona vidoti vyekundu.

MASWALI

– Mkuu nimefuata kila kitu, haijapanda.
– Ulikatia majini?
– Hapana, sikuwa na beseni.
– Basi hujafuata. Hata sufuria inatosha, rudi namba 3.

– Mi nilitoa majani yote ili shina lionekane vizuri
– Majani ndo yanayovuta. Nimeandika "wenye majani yake".

– Ticha samahani, vidoti vyangu vimetawanyika shina zima kama mahindi, na mchicha si ni dikotiledoni (mmea ambao mbegu yake ina nusu mbili, kama maharage), tunafundisha vinakaa duara?
– Asante sana kwa kuangalia kwa makini! Uko sahihi na mchicha wako pia uko sahihi, jamii ya mchicha ina mirija ya ziada katikati ya shina ndo maana inaonekana imetawanyika. Ukitaka duara safi la kuonyesha darasani tumia mche mchanga wa maharage, afu weka vipande vyote viwili pamoja waache wabishane wenyewe. Ukiwa na muda chukua majani mawili yanayolingana ya mti mmoja, moja paka vaselini juu, jingine chini, yaning'inize kwa uzi siku mbili. Kwa majani mengi lile la kupakwa juu ndo linanyauka kwanza, kwa sababu vitundu vya kutolea maji, stomata, vingi viko upande wa chini.

– Kumbe ndo maana mama wa genge ananyunyizia mchicha maji kila saa?
– Ndiyo, mizizi haipo tena lakini majani bado yanapoteza maji, yakiwa na unyevu yanapoteza polepole. Ukinyauka nyumbani kata ncha ya shina upya majini, uache umesimama humo kivulini.

– Na maua ya waridi ya sherehe je?
– Vilevile, na toa majani yatakayozama, yanaoza yanachafua maji.