Gari haikati kona? Cheki boliti za stopa kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea

Kama unakaa Mwanza milimani hii shida unaijua, barabara inapanda katikati ya mawe afu inafika mahali inazunguka jimawe kubwa kama nyumba, na jiwe halisogei kwa hiyo wa kusogea ni wewe. Kona yangu iko Isamilo, gari ni Hilux ya zamani ile yenye ekseli nzima mbele na springi za kupangana, na kila jioni nikitoka Mwaloni Kirumba na mzigo nilikuwa napiga riversi mara tatu pale, bodaboda wamejaa nyuma wananipigia honi.

Fundi wa kwanza aliiangalia dakika mbili tu akasema mzee hii ndogo, tunakata mikono ya stelingi, zile chuma zinazosukumwa na rodi kugeuza tairi, tunaifupisha tunachomelea, itazunguka kama bajaji. Nikamwambia ngoja nikanywe chai kwanza, sikurudi. Hesabu yake haikuwa mbaya, mkono ukiwa mfupi rodi ikisogea kidogo tairi inageuka sana, ila stelingi inakuwa nzito na kali, na chuma ile imefuliwa kiwandani, ukiichomelea ovyo pembeni ya weldi inabaki na udhaifu usiouona kwa macho. Sasa ikatike unashuka mlima wa Bugando, tairi moja inaenda hospitali nyingine inaenda ziwani.

Afu mikono ile haijapinda kwa bahati mbaya. Kwenye kona tairi ya ndani inatakiwa igeuke kuliko ya nje kwa sababu duara lake ni dogo, ujanja huo ni wa enzi za mikokoteni ya farasi, aliubuni Mjerumani anaitwa Lankensperger, na Rudolph Ackermann akausajili London mwaka 1818, ndo maana mpaka leo unaitwa kwa jina la Ackermann. Ukiharibu ile pembe tairi zinaburuzwa kila kona na zinaisha haraka.

Kitu ambacho wengi hatujui ni kwamba huhitaji kubadilisha sana. Gari yangu ekseli hadi ekseli ni mita 2.85, tairi ya mbele ya nje ikigeuka digrii 30 inachora duara ambalo toka katikati hadi ukingoni ni mita 5.7. Iongezee digrii 2 tu inakuwa mita 5.38, yaani upana wa duara zima umepungua kama sentimita 64. Kwenye kona ya jiwe sentimita 64 ni maisha.

Kwa hiyo anza na kupima. Tafuta uwanja ulio sawa, kata stelingi mpaka mwisho kulia, zunguka polepole huku mtu anaweka alama chini tairi ya nje inapopita, pima kwa futi, afu fanya hivyohivyo kushoto. Ukikuta upande mmoja inazunguka vizuri na mwingine inagoma, tatizo lako huenda sio stopa, yaani boliti zinazozuia tairi isigeuke zaidi, huenda stelingi boksi, lile boksi la gia chini ya usukani, haiko katikati tairi zikiwa zimenyooka, mara nyingi kuna mtu alibadilisha tairodi endi, kile kichwa cha mwisho wa rodi ya stelingi, au rodi inayotoka kwenye boksi akaifunga kwa kukadiria. Hiyo inarekebishwa kwa kurefusha au kufupisha rodi pale kwenye uzi wake, bila kukata chochote, na wengine wanamaliza shida hapohapo.

Pande zote zikiwa sawa, piga jeki mbele na uweke stendi za chuma, najua kwetu mawe ni bure lakini usilale chini ya gari iliyokalia jiwe tafadhali. Mwambie mtu akate stelingi taratibu, wewe tazama kile kichwa cha ekseli kinachogeuka pamoja na tairi, utaona boliti yenye loki nati ambayo inagonga chuma ya ekseli na kuzuia, kila upande ina yake. Sasa jiulize ni nini hasa kinachozuia tairi isiendelee, boliti, au tairi imegusa springi, au boksi imefika mwisho. Hapa ndo pa kutulia. Mimi nilikuta boliti zimetolewa nje sana kwa sababu mwenye gari wa kabla yangu alifunga tairi pana zikawa zinasugua springi, akazuia kwa boliti. Niliporudisha tairi za saizi ya kiwandani nafasi ikawepo ya bure.

Kama nafasi ipo legeza loki nati, ingiza boliti nusu raundi, pande zote sawa, afu kata tena uangalie. Tairi ibaki mbali na springi na chesisi angalau vidole viwili, na ucheki pia gari ikiwa chini imebeba mzigo maana springi ikilala nafasi inabadilika. Paipu ya breki isivutike hata kidogo. Gari ya 4WD funga habu, zile loki za katikati ya tairi za mbele, kata mpaka mwisho, zungusha tairi kwa mkono, ukisikia inakwama au inagonga tak tak ujue jointi iliyo ndani ya kile kichwa cha ekseli imefika pembe yake ya mwisho, rudisha boliti nje. Jointi ikivunjika bei yake utajuta kuliko riversi tatu.

Afu washa injini ukate mpaka mwisho, usishikilie zaidi ya sekunde chache. Boliti inatakiwa iguse kabla boksi haijaisha. Pampu ya pawa stelingi ikilia na boliti bado haijagusa, basi umepitiliza, maana sasa boksi yenyewe ndo imekuwa stopa na haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Wenye gari ndogo za reki, yaani badala ya boksi kuna chuma yenye meno inayosogea kushoto na kulia, Vitz, IST na wenzake, nyie sina habari nzuri. Kuna watu wanaweka washa, kipete cha chuma, kati ya reki na rakiendi, ile rodi ya mwisho wa reki, ili isogee zaidi, madereva wa mashindano ya kuteleza wanafanya hivyo, lakini zao zinasukumwa na tairi za nyuma. Yako inavutwa na za mbele, jointi za nje ndo zina mwisho wake, na rodi ikipita mstari wake tairi inajifungia kwenye kona hairudi.

Na kitu kingine cha bure kabisa, wenye 4WD za kuunga kwa mkono, toa 4WD ukiwa lami au zege, ikiwa imeunganishwa mbele na nyuma vinagombana na gari inakataa kukata hata ufanyeje.

Ukimaliza kaza loki nati vizuri, kapige alaimenti, afu baada ya wiki rudi chini ucheki tena. Mimi nilienda Kisesa na kurudi mara kadhaa, nilipolala chini nikakuta nati ya kulia imelegea robo raundi. Nikaikaza, nikaipiga mstari wa rangi nyeupe ili ikisogea niione, na pale kwenye jiwe sasa hivi riversi ni moja, mbili nikiwa nimebeba dagaa.