Kabla hujaenda kutafuta karatasi za nyumba ya babu Kariakoo: mambo ya kuzingatia

Familia nyingi zenye asili ya Kariakoo zina sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi, na ndani yake mna risiti zilizoliwa na mende, kikaratasi chenye muhuri wa zambarau, na hadithi isemayo "kiwanja kile kilikuwa chetu". Siku moja mjukuu anaamua kwenda Nyaraka za Taifa pale Upanga kuutafuta ukweli. Wengi hutoka jioni wamevimba macho na mikono mitupu. Majalada huwa yapo, ila wao hawakujua walichokuwa wakikisoma. Jiji hili lilitawaliwa kwa kanuni ndogo ndogo kuliko kwa bunduki, na kanuni hizo zina lugha yake.

Anza na ramani, kabla hata ya jina la babu. Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao makuu yao mwaka 1891, waliweka amri ya ujenzi iliyotaka upande wa kuelekea baharini zijengwe nyumba za kizungu tu. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na katika miaka ya 1920 wakaugawa kwa kanda tatu. Kanda ya kwanza ilikuwa ya nyumba za kuishi za aina ya kizungu, zenye bustani na upepo wa bahari. Ya pili ilikuwa ya majengo ya makazi na biashara, yaani maduka ya chini na familia za juu. Ya tatu ilikuwa ya nyumba za aina yoyote: kuta za miti na udongo, paa la makuti au la madebe yaliyopasuliwa yakanyooshwa. Watu hawakuhitaji namba za kanda. Walisema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na hawakukosea.

Hapa ndipo wasomaji wengi hujikwaa. Utapitia kanuni za kanda kutoka juu hadi chini ukitafuta mstari unaosema Mwafrika asiishi hapa, nawe hutauona. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na kumfukuza mtu mtaani kwa rangi yake waziwazi kungeleta maswali Geneva, makao ya Shirikisho hilo. Kwa hiyo kanuni ilizungumza na ukuta badala ya kuzungumza na mtu. Ilimwambia babu yako: karibu ujenge popote, mradi ujenge nyumba ya mawe na saruji kwa michoro iliyoidhinishwa. Babu alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini. Kwa hiyo ukikutana na maneno "aina ya jengo" ndani ya jalada, simama hapo usome mara mbili, maana mara nyingi ni aina ya mtu iliyovalishwa koti.

Kati ya Uhindini na Kariakoo kuna uwanja ambao leo tunafanyia mikutano na kupunga upepo, Mnazi Mmoja. Usidhani uliachwa kwa bahati. Ulikuwa ukanda wa wazi wa kutenganisha, ukihalalishwa kwa hoja za afya: malaria, moto, usafi. Waliokuwa wakiishi humo walihamishwa. Kama kwenu kuna simulizi kwamba "zamani tulikuwa upande wa pili wa Mnazi Mmoja", usilipuuze. Nenda nalo.

Jambo la pili ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalovunja mioyo. Lazima utenganishe kiwanja na nyumba kabla hujagusa karatasi yoyote. Katika Uswahilini ya Waingereza, ardhi ilikuwa ya serikali. Babu alilipa kodi ya kiwanja, akapewa ruhusa ya muda mfupi ya kukitumia, akajenga juu yake nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na banda la uani. Nyumba ilikuwa yake: aliweza kuiuza, kuirithisha, na kupangisha chumba kimoja kimoja hadi kodi za wapangaji zikamlipia kodi ya kiwanja. Ardhi haikuwa yake. Hapo hapo, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, mwenye duka aliweza kupata haki ya kumiliki ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya 1923, ambayo iliruhusu muda wa hadi miaka 99. Karatasi ya namna hiyo iliwekwa rehani benki. Ya babu haikuwekwa popote isipokuwa sandukuni.

Basi ukiishika ile risiti ya muhuri wa zambarau, jiulize imeandikwa nini hasa. Ni malipo ya kodi ya kiwanja? Ni kibali cha ujenzi? Ni leseni ya biashara? Ni kodi ya kichwa? Nimeona ndugu wakigombana mwaka mzima juu ya "hati" ambayo baadaye ilibainika kuwa stakabadhi ya kodi ya kichwa ya mjomba aliyekuwa mpangaji tu. Na tazama imeandikwa kwa jina la nani. Wanawake wenye nyumba Kariakoo hawakuwa wachache. Huenda unamtafuta Salum bin fulani kumbe mwenye nyumba alikuwa mkewe, au dada yake, ameandikwa Mwajuma binti fulani.

Majina yenyewe yana vituko vyake. Karani mmoja ataandika Selemani, wa pili Suleiman, wa tatu Sulimani, wote wakimaanisha mtu mmoja. Andika kwenye daftari kila sura ya jina unayoweza kuifikiria, pamoja na jina la utani, na kabila, kwa kuwa makarani walipenda sana kuweka kabila.

Mitaa nayo imebadilishwa majina. Samora ilikuwa Acacia Avenue, nayo iliurithi mti huo kutoka kwa Wajerumani. Uhuru ilikuwa Kichwele. Lumumba ilikuwa New Street, pale TANU ilipozaliwa mwaka 1954. Ukiwauliza wahudumu wa maktaba jalada la "Mtaa wa Lumumba, 1938" watakutazama kwa huruma. Bora zaidi ujue namba ya kiwanja na kitalu, maana namba haibadilishwi na mapinduzi. Jina Kariakoo lenyewe ni la vita: ni Carrier Corps ya Waingereza, jeshi la wapagazi, lililowekwa pale baada ya mji kutekwa. Jengo lililokusudiwa na Wajerumani kwa sherehe za mfalme wao likawa kambi, kisha mwaka 1923 likawa soko. Soko tunalolijua leo, lile la mwavuli wa zege lililochorwa na Beda Amuli, ni la miaka ya 1970.

Kama babu alikuwa mfanyabiashara, jiandae kwa upande mwingine kabisa wa kanuni. Kutembeza bidhaa kulihitaji leseni. Kuuza sokoni kulilipiwa ushuru. Kupika pombe ya kienyeji nyumbani bila ruhusa lilikuwa kosa, na wakuu wa mji walipendelea watu wanywe kwenye kilabu kinachosimamiwa, ambako ushuru unaonekana. Kwa hiyo bibi aliyesomesha watoto kwa pombe ya mtama atajitokeza kwenye kumbukumbu kama mshitakiwa tu. Usishtuke, wala usimfiche kwenye historia ya ukoo. (Nimewaona machinga wa leo wakikimbia na meza zao Mtaa wa Kongo, na sidhani bibi huyo angehitaji kuelezwa kinachoendelea.)

Kulikuwa pia na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: mfanyabiashara aliyemkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali hakuweza kumdai mahakamani. Ilielezwa kuwa kinga kwa Mwafrika asije akanyang'anywa. Matokeo yake yalikuwa kwamba mwenye duka dogo wa Kariakoo alinunua kwa fedha taslimu huku mshindani wake akipewa mali kwa mkopo. Manung'uniko ya namna hii ndiyo yaliyomfanya Erica Fiah, mwenye duka kutoka Uganda, aongoze chama cha wafanyabiashara na ustawi wa Waafrika katika miaka ya 1930, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti lake, Kwetu. Ukipata nafasi ya kulisoma, lisome kabla ya majalada. Litakupa sauti ya upande wa pili wa kaunta, sauti ambayo barua za ofisa wa wilaya hazina. Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza 1923, lisome pia, lakini ukikumbuka nani alilipa chapa.

Kuhusu maisha ya kila siku, nitapita haraka. Ngoma ilihitaji kibali. Kutembea usiku kulikuwa na masharti kwa Waafrika. Bwana afya aliingia uani kukagua choo, maji yaliyotuama na viluwiluwi. Na kijana asiye na kazi aliitwa mhuni, neno ambalo serikali ililipenda, akarudishwa kwao bara. Mwaka 1944 ilitungwa hata sheria maalumu ya kuwaondoa mjini wenyeji "wasiotakiwa". Kama kuna mtu wa ukoo aliyepotea ghafla mjini katika miaka hiyo, huko nako pa kutazama.

Sasa ofisi. Usiende manispaa yoyote ukidhani mambo ya 1935 yako kabatini. Mji ulipata hadhi ya manispaa mwaka 1949, na Meya wa kwanza Mwafrika alipatikana 1960, naye ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule yule mtaalamu wa kanuni za ushairi. Desemba 1961 ukawa jiji. Katika miaka ya 1970 serikali za mitaa zilivunjwa na kazi zake zikahamishwa, kisha zikarudishwa; mwaka 1996 halmashauri ya jiji ikavunjwa tena na tume ikashika usukani; mwaka 2000 zikaja manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke; Februari 2021 halmashauri ya jiji ya zamani ikavunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Katika kila hamahama hiyo kuna makabati yaliyobebwa kwenye toroli, na si yote yaliyofika. Kwa Kariakoo ya leo, mambo ya ardhi na majengo utayaulizia upande wa iliyokuwa Ilala. Ya enzi za mkoloni, anzia Upanga.

Kama nyumba ilijengwa upya kwa ghorofa na ikapangishwa, uliza pia kuhusu 1971, serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Wengi hudhani jambo hilo liliwahusu Wahindi peke yao. Sheria ilitaja thamani ya jengo.

Siku ya kwenda, beba penseli, maana kalamu ya wino huwa haitakiwi karibu na majalada ya zamani. Beba kitambulisho, na uulize mapema kuhusu kibali cha utafiti, usije ukapoteza nauli. Majalada ya Wajerumani yameandikwa kwa mwandiko wa mkono ambao hata Mjerumani kijana hausomi kirahisi. Ukiwa huna msaada, usipoteze siku huko. Ya Waingereza ni Kiingereza cha taipureta, na katikati yake, ukiwa na bahati, utakuta barua ya Kiswahili iliyoandikwa na mwenye nyumba akiomba asibomolewe. Nakili barua hiyo yote, neno kwa neno, pamoja na makosa yake.

Na jioni ile kabla ya safari, kaa na bibi. Usimwulize "hati iko wapi". Mwulize mlango wa mbele ulitazama wapi, jirani wa kulia alikuwa nani, maji walichota bomba gani, na bwana afya alipokuja walificha nini.