Maombi ya programu za majira ya joto hufungwa wakati wa theluji

Barua ilikuja Januari. Bahasha nzito, karatasi nene, muhuri wa rangi ya dhahabu, na jina la mwanangu limeandikwa kwa herufi za mapambo. Ilisema ameteuliwa kuwa miongoni mwa vijana wenye kipaji cha sayansi watakaohudhuria kongamano la siku chache majira ya joto. Nilifurahi hadi nikampigia dada yangu simu. Usiku nilipoisoma tena kwa utulivu ndipo nikauona ukurasa wa pili: ada ya maelfu ya dola, nauli juu yetu, na malipo ya awali yasiyorudishwa. Kesho yake kazini mwenzangu akaniambia mwanawe amepata barua ileile, neno kwa neno, na mwanawe hata somo la sayansi halipendi.

Naanza na barua hiyo kwa sababu wengi wetu tuliosomea Afrika Mashariki tunajua maana ya kuteuliwa. Ukichaguliwa kwenda shule ya vipaji maalumu, matokeo yako ndiyo yaliyokupeleka, wala hukumwomba mtu. Hapa Marekani mambo yamegeuka. Programu nzuri za sayansi za majira ya joto hazimtafuti mtoto, mtoto ndiye anayezitafuta. Zinazomtafuta yeye kwa bahasha ya dhahabu mara nyingi zinamtafuta mzazi mwenye kadi ya benki.

Jambo ambalo nilichelewa mno kulijua ni kwamba programu zinazoheshimika kuliko zote ni za bure, au karibu na bure. Research Science Institute, iliyoanza mwaka 1984 na kufanyika MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Massachusetts, huchukua vijana takriban 100 waliomaliza darasa la 11. Kwa wiki sita wanafanya utafiti chini ya wanasayansi, na masomo, malazi na chakula havilipiwi. MITES, ya MIT pia, ipo tangu 1975. Nayo ni wiki sita kwenye bweni la chuo, na familia hugharamia nauli tu. Summer Science Program ilianza mwaka 1959, na ada yake hupimwa kwa uwezo wa familia, kiasi kwamba wapo wasiolipa kitu. Huko, vijana wa kundi la fizikia ya anga hupiga picha za asteroidi, yaani miamba inayolizunguka jua, kwa darubini usiku, wanaandika wenyewe programu ya kompyuta ya kukokotoa njia zinamopita, kisha vipimo vyao vinatumwa kwenye kituo cha kimataifa kinachohifadhi kumbukumbu za asteroidi. Mtoto wa miaka 16 anaacha data yake mahali ambapo wanaanga wa dunia nzima wanaitumia. Fikiria akisimulia hilo mezani nyumbani.

Ushindani wa hizo ni mkali sana, na sitaki mtu aweke tumaini lote hapo. Kwa familia nyingi za kwetu, mlango ulio wazi zaidi ni Upward Bound Math-Science. Ni mpango wa serikali kuu, ulioanza mwaka 1990, na huendeshwa na vyuo mbalimbali nchini. Umekusudiwa vijana wa familia zenye kipato cha chini, au ambao wazazi wao hawana shahada ya kwanza. Kijana husaidiwa mwaka mzima, na majira ya joto hukaa chuoni wiki kadhaa akisoma hisabati na sayansi za maabara. Halipi kitu, na hata posho kidogo anaweza kupewa. Mtaani kwetu familia tatu zilikuwa na watoto wanaostahili na hakuna aliyewahi kuusikia. Muulize mshauri wa wanafunzi shuleni: chuo gani karibu nasi kina Upward Bound?

Kwa wasichana wanaotaka kompyuta, Girls Who Code wana programu ya bure ya majira ya joto inayofanyika kwa intaneti. Kode With Klossy nao wana kambi za bure za wiki mbili kwa walio na miaka 13 hadi 18. Binti halali nje ya nyumba, na kwa mzazi ambaye bado hajawa tayari kumwachia mtoto alale kwingine, huo ni mwanzo mzuri.

Sasa nije kwenye kosa letu kubwa, yaani kalenda. Mzazi anaanza kuuliza mwezi wa Mei, shule zikikaribia kufungwa. Wakati huo zimebaki za kulipia tu. Maombi ya programu nzuri hufunguliwa kuanzia vuli, na mengi hufungwa kati ya Desemba na Machi. Research Science Institute hufunga mapema, mwezi wa Desemba. Simons, ya chuo cha Stony Brook huko New York, inataka kijana ateuliwe na shule yake kwanza, na shule haiteui zaidi ya wachache. Za hisabati kama PROMYS na Ross humtaka mwombaji atatue maswali magumu na kueleza njia aliyopitia, kazi ya wiki nyingi, si ya usiku mmoja. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba kaeni na mtoto, mwandike kwenye karatasi moja majina ya programu tano au sita, tarehe za mwisho na kila kinachotakiwa. Ibandikeni mlangoni pa jokofu.

Mwezi huohuo aende kwa walimu wawili kuomba barua za mapendekezo. Hapa malezi yetu hutuponza kidogo. Tumewafundisha watoto adabu ya kunyamaza mbele ya mwalimu, basi mtoto ana alama nzuri lakini mwalimu hana la kuandika juu yake zaidi ya kwamba ni mtulivu. Mhimize aulize maswali baada ya kipindi, ajiunge na klabu ya roboti au ya sayansi. Adabu haiondoki kwa kuuliza swali.

Suala la karatasi za uhamiaji nitalisema wazi, maana limeumiza watoto kadhaa ninaowajua. Nafasi za NASA kwa wanafunzi wa sekondari, ikiwemo ile ya sayansi ya dunia inayoendeshwa pamoja na chuo cha Texas kilichoko Austin, ni za raia wa Marekani pekee. Maabara nyingi za jeshi nazo hudai uraia. Simons hupokea raia na wenye grini kadi. Upward Bound ina nafasi hata kwa wasio raia ambao hawapo nchini kwa muda mfupi tu na wanaelekea kupata ukaazi wa kudumu, kwa hiyo mliokuja kama wakimbizi msijitoe kabla ya kuuliza. Summer Science Program na Research Science Institute hupokea hata wanaotoka nje ya Marekani. Kama mtoto wako yupo kwa viza yako ya masomo au ya kazi, haruhusiwi kuajiriwa. Programu inayolipa mshahara au posho, ulizia kwanza malipo hayo yanahesabiwaje. Someni sharti la uraia kabla mtoto hajaandika hata sentensi moja. Kumfanya kijana amwage machozi juu ya insha ya maombi aliyoiandika wiki mbili kwa mlango uliokuwa umefungwa tangu mwanzo ni kumwonea.

Kuhusu pesa, msione haya kuomba msaada. Ada ya maombi mara nyingi husamehewa, na kijana anayepata chakula cha bure shuleni huwa na hoja tosha. Wekeni tayari nakala ya fomu yenu ya kodi ya 1040, kwa sababu wanaopima uwezo wa familia huiomba hiyo. Pesa mnazotuma nyumbani kila mwezi kwa wazazi na wadogo zenu hazionekani kwenye fomu hiyo. Kama kuna sehemu ya maelezo ya ziada, ziandikeni, pamoja na ada za shule mnazowalipia watoto wa ndugu.

Za kulipia siyo zote mbaya. Kambi ya wiki moja ya kujifunza kuunda michezo ya kompyuta inaweza kumwasha mtoto wa miaka 13 ambaye bado hajui anapenda nini, na kama mnayo pesa, hakuna dhambi. Ila kozi za majira ya joto zinazobeba jina la chuo kikubwa, za maelfu ya dola, hazimpi mtoto kiti katika chuo hicho baadaye. Wengi wanaohudhuria wamelipa, hawakuchujwa sana, na vyuo vinalijua hilo. Msikope kwa ajili ya kozi hizo. Maktaba ya umma yenye mashine ya kuchapa vitu kwa plastiki na mkutubi mwenye moyo inaweza kumfundisha mengi bila senti.

Walio Uingereza, tafuteni nafasi za utafiti za shirika la STEM Learning, zilizokuwa zikiitwa Nuffield Research Placements, kwa wanafunzi wa mwaka wa 12. Ni bure, na nauli hurudishwa. Kanada kuna SHAD, ya tangu 1980. Hiyo inalipiwa, lakini wana misaada kwa wasioweza.

Kabla ya kumwachia mtoto kulala chuoni, piga simu uulize: wasichana na wavulana wanalala jengo moja au ghorofa tofauti, nani anakaa nao usiku, chakula cha halali kipo, mahali pa kuswali au usafiri wa kwenda kanisani Jumapili upo. Wamezoea kuulizwa. Na msikate tiketi za kwenda nyumbani kabla ya majibu kutoka, kwani nafasi za aina hii hazihamishwi hadi mwaka unaofuata.

Imebaki insha ya maombi. Mwanangu aliandika ya kwanza akisema tangu utotoni anaipenda sayansi. Nikamuuliza, na lile daftari la bibi? Mama yangu alipokuja kukaa nasi miezi sita, kijana ndiye aliyekuwa akimpima sukari asubuhi na jioni. Akaanza kuandika namba, akachora grafu, akagundua zinapanda siku ambazo bibi hakutoka kutembea. Akaniambia, "Mama, hayo si mambo ya nyumbani tu?" Nikamwambia aandike hayohayo, na grafu aieleze. Programu mbili zilimkataa mwaka ule. Ya tatu ilimchukua, na siku ya kwanza mwalimu wake alimwomba alete lile daftari.