Kata moja ya mbege, na kipimo mfukoni

Desemba tukipanda mlimani, ukikataa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kule kwetu Uchaggani unaulizwa kama umeokoka. Sijaokoka, nina kisukari. Nameza Metformin baada ya kula, na Glibenclamide asubuhi na jioni. Daktari wangu anajua kwamba nakunywa, na wewe anza hapo hapo: mwambie wa kwako. Kama ini au figo zina shida, au una mimba, atakukataza kabisa, na usibishane naye.

Mwaka mmoja nilimeza kidonge cha jioni, nikanywa kata tatu tumbo tupu nikingoja nyama iive. Sikuila. Saa kumi alfajiri mke wangu akakuta shuka limelowa jasho, mimi naropoka. Shemeji akasema, "Mwache alale, kalewa." Mama watoto hakumsikiliza, akanitoboa kidole. Kipimo kikaandika 2.4 mmol/L: sukari imeshuka mno. Hapo ndipo penye hatari: kutetemeka, jasho, kuropoka, kuyumba, vyote vinafanana na ulevi, na mlevi hakuna anayempima.

Nesi alinieleza hivi. Usiku usipokula, ini ndilo linalotoa sukari ya akiba. Pombe ikiingia, ini linashughulika nayo na kupunguza kutengeneza sukari, huku Glibenclamide inaendelea kuisukuma kongosho imwage insulini. Wanaojichoma insulini wako kwenye hatari hiyo hiyo. Na sukari yaweza kushuka hata kesho yake mchana. Metformin peke yake haishushi hivyo mara nyingi, ila ukiwa mnywaji wa kupindukia inaweza kujaza tindikali kwenye damu, na hiyo inaua.

Kwa hiyo siku hizi nakula kwanza, bakuli la mtori au ndizi nyama. Nyama choma tupu haitoshi, tumbo linataka wanga. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe, na kwangu mwanaume hiyo moja ndiyo mwisho wa siku. Mwanamke aishie nusu yake. Mbege haina lebo, kila mama ana mkono wake, basi nachukua kata moja na kuishika sherehe nzima. Kata iliyojaa hakuna anayekuongezea. Gongo siigusi. Dozi siiruki ili ninywe, wala siiongezi kwa sababu mbege ni tamu.

Kabla ya kulala napima. Ikiwa chini ya 6 nakula mkate au ndizi mbivu, halafu naweka kengele ya saa tisa usiku nipime tena.

Waonyeshe wenzako cha kufanya ukiwa bado mzima. Ikishuka chini ya 4 na unaweza kumeza, wakupe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, wapime baada ya dakika 15, warudie kama bado, kisha ule. Ukizimia wasikumiminie kitu mdomoni: wakulaze ubavu, wakukimbize hospitali.

Pembeni ya kitanda naweka soda, na sasa naikagua mwenyewe. Mwaka jana mwanangu, kwa huruma zake, aliniwekea ile isiyo na sukari.